Mengineyo

Korosho zipo. Magunia hayapo.
Hiyo ndiyo ripoti yangu ya Jumatatu.
Ya Jumanne niliinakili kwa kalamu nyingine.

Mimi ni karani wa ghala, Mahuta.
Nina mzani, nina kipima unyevu chenye betri ya kuazima,
nina daftari la stakabadhi, kurasa zimelainika
kama masikio ya mbuzi,
na simu inayoniambia kila saa:
mzigo umeshatoka.

Umetoka wapi, haisemi.

Nje korosho zimelala kwa marundo,
kila rundo na mwenyewe, kila mwenyewe na kanga,
ya kujifunika yeye jua au kuzifunika zile mvua,
itategemea wingu.
Mzee Nampoto amechora duara la majivu kuzunguka zake.
Hataki kusema anamzuia nani.

Kisha habari: lori la magunia limekwama,
mto umekula barabara huko kaskazini,
dereva anapika ugali chini ya tela.
Magunia yetu yamekaa makavu kabisa
juu ya maji,
na korosho zetu zinalowa
juu ya nchi kavu.

Usiku ndipo mtu wa kangomba hupita.
Hana mzani huyo, ana bakuli.
Hana stakabadhi, ana noti mkononi.
Anaujua mlango wa mwenye mtoto wa kupeleka shule Januari,
wala hapigi hodi mara mbili.
Nimlaumu nani? Bakuli halingoji lori.

Alhamisi yakafika. Mia sita.
Tuliagiza elfu mbili.

Foleni ikajipanga yenyewe, kwa viwiko.
Wa kumi na nne alikuwa mama yangu,
Somoe Chitanda, mzigo wa magunia manne.
Nikachomeka kipima. Kikafikiri. Kumi na mbili.
Kinachotakiwa ni kumi.
Nikachomeka tena upande wa pili,
kama anayerudia swali akitafuta jibu jingine.
Kumi na mbili.
Nyuma yake macho yote yalikuwa mkononi mwangu.
Nikaandika: zirudi juani.
Wino ulikwama kwenye neno la pili. Nikaukoleza.

Hakusema kitu. Alitandika turubai pale pale ubavuni mwa ghala,
akazigeuza kwa mguu siku mbili, katika jua la vipandevipande,
na mchana akaniletea chakula kama kawaida,
chumvi imezidi.

Jumamosi kipima kikasema tisa.
Nikamshikia gunia mdomo, akamimina.
Likajaa, akainama kusoma maandishi ya bluu kwa kidole;
alijifunza ukubwani, haruki herufi.

"Limetoka wapi gunia hili?"
Bangladeshi.
"Likashukia bandari gani?"
Dar es Salaam.
"Na korosho zangu zinakwenda wapi?"
Vietnamu, labda. Mnada ukishapita.
"Zinapandia wapi meli?"
Mwaka huu wanasema Mtwara, hapa hapa.

Akanyamaza. Alikuwa anahesabu, si kwa vidole,
kwa midomo.
"Kwa hiyo meli inakuja Mtwara tumbo tupu
kubeba korosho,
na gunia la kuzitia linazungushwa kwa lori
mpaka likazuiwe na mto?"

Nimekaa vikao kumi na saba vya chama cha msingi.
Tumejadili kamba, tumejadili makato, tumejadili
soda za wajumbe, za moto au za baridi.
Swali hilo sikuwahi kulisikia.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na sindano.
Nikalishona gunia mdomo, akanikosoa mshono wa mwisho,
nikaufumua, nikaushona upya.

Katika ripoti ya wiki, mahali pa Mengineyo,
ambapo huwa naandika Hakuna,
nimeandika maneno yake yote, na jina lake kamili,
na kilo zake.

Wamepokea. Wamegonga muhuri.
Magunia yaliyobaki ni kumi na moja,
na tangu alfajiri bati la ghala linapigwa na matone,
moja moja kwanza, kama mtu anayejaribu mlango.