Mkono wa Tatu

Miaka ishirini na sita niliendesha tramu Tallinn,
mkono wa kushoto kwenye wenzo, macho kwenye reli,
na hakuna abiria aliyemwaga kahawa kwa kosa langu.
Basi nikadhani mkono huu unajua kwenda sawa.

Sasa nina banda Haapsalu, hita ya umeme,
kompresa ya mtumba inayokohoa kama mvuta kiko,
na benchi la msonobari la kukalia ukivua buti.
Nimelitengeneza mwenyewe. Mguu mmoja una maoni yake.

Endel wa jirani alipenyeza kichwa mlangoni:
"Vanishi ya maji? Maire, maji ni ya kuoshea mbao.
Paka ya mafuta, kama watu."
Sikumjibu. Binti yangu Kadri ana pumu;
harufu ya ile ya mafuta humkaba koo tangu getini,
na benchi ambalo mwanangu hawezi kulikalia
ni kuni zilizopigwa randa tu.

Nikaichuja vanishi kwa soksi ndefu ya nailoni,
nyeupe kama maziwa,
nikavaa barakoa, nikabana kifyatulio,
nikauzungusha mkono kama ninampungia mtu kwaheri.

Kosa.

Katikati pakalowa, pembeni pakabaki pakavu,
na kwenye mguu ule wenye maoni
vanishi ikashuka, tone likifuata tone, bila aibu.
Asubuhi nikapapasa: mbao zimesimamisha nywele
kama paka aliyeona mbwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo,
ila yakimwagika juu ya msonobari
unangoja yakauke, unachukua msasa laini, unasugua,
unapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu,
unaanza upya, na hakuna anayekudai nauli.

Siku tatu nilipuliza maboksi.
Boksi la ndizi, boksi la televisheni, mlango mzee wa kabati.
Ukiwa mbali, vanishi hukaukia hewani, hutua kama mchanga.
Ukiwa karibu, hutiririka.
Shubiri moja basi, kama mtu anayepima kitambaa.
Bado uso ukatoka na vinyweleo, ganda la chungwa tupu.
Nikaongeza maji, kijiko, kijiko kingine.

Usiku, nimelala, ndipo mkono ukakumbuka.
Kwenye makutano ya reli hufungi breki, huongezi moto:
unaingia na mwendo wako, unatoka nao,
hesabu zote umezifanya kabla.
Mbao nazo ni makutano.
Fyatua kabla ya ukingo, hewani, pasipo na kitu;
pita juu yake kifundo kikiwa kimetulia, bega ndilo liende;
achia ukishavuka ukingo wa pili.
Rudi, ukifunika nusu ya njia uliyopita.

Mkono wa kwanza, mwembamba. Msasa.
Mkono wa pili. Msasa tena, kwa upole wa kumfuta mtoto uso.
Mkono wa tatu niliupuliza Jumapili, theluji ikianguka,
na yale maziwa yakaanza kuondoka juu ya mbao,
kutoka ukingoni kwenda katikati, kama ukungu juu ya ghuba,
mpaka kila fundo la msonobari likafungua jicho.

Sikuwa na wa kumwonyesha. Nikamwita Endel.
Alilizunguka benchi mara mbili, mikono mgongoni.
Akagusa kwa kidole. Pakavu.
Akaguna mguno wa mtu aliyeshindwa kupunguziwa bei,
na kabla sijafungua mdomo, akaketi.

Vanishi ya maji, nimejifunza, hukauka mara mbili:
kwanza kwa kidole, saa mbili;
kisha kwa makalio, wiki nzima, pengine zaidi.
Alipoinuka, suruali yake ya kodrai
ilikuwa imeandika mistari kumi na minane juu ya benchi langu.
Niliihesabu. Yeye pia.

"Msasa uko wapi?" akauliza,
akavua koti.