Bonane ya Mwezi wa Sita

Kuanzia mwezi wa kumi, kila saa kumi na moja jioni,
tuliyafunika maua kama mtu anavyofunika sufuria
wageni wakichelewa:
ndoo nyeusi mia na arobaini, moja kwa kila shina,
na jiwe juu ya kila ndoo, kwa ajili ya upepo wa mvua.
Asubuhi saa mbili tunafunua.
Papa Kapambwe anainama, anachungulia,
anasema neno moja tu: "Bado."

Mimi nilikuwa kibarua, sijui kitu.
Nilijua mahindi ya Katuba, nyuma ya nyumba ya shangazi,
nilijua kwamba mmea unataka mwanga.
Akanicheka.
"Poinsetia ukiipa mwanga inakupa majani, basi.
Ukitaka nyekundu, ilaze mapema.
Huko kwa wenye kalenda, Noeli inaangukia usiku mrefu.
Hapa Lubumbashi inakuja na jua la jioni,
na mvua, na vyura.
Usiku mrefu tunautengeneza wenyewe, kwa ndoo."

Nje ya ukuta miflamboya haikuomba ndoo ya mtu.
Iliwaka tu, barabara nzima, bure,
ikamwaga wekundu wake juu ya wauza masuku,
juu ya teksi, juu ya matope.
Lakini wakubwa wa bustani walitaka poinsetia.

Tarehe ishirini Novemba ikaja komite ya sikukuu
na ngazi, na waya, na balbu elfu mbili.
Wakaizungushia araukaria ya langoni.
Walisema wanajaribu tu.
Na umeme, ambao kwetu hukatika kabla bukari haijaiva,
mwaka ule, Mungu wangu,
haukukatika hata usiku mmoja.
Watu walishukuru.
Papa Kapambwe alilaani polepole, kwa Kibemba,
ili komite isisikie.

Ndoo za mstari wa saba zilikuwa kuukuu, zenye nyufa.
Nyufa nyembamba. Mwanga wa kupita sindano.
Ulitosha.
Mistari sita ikaanza kuona haya, kuanzia shingoni,
na wa saba ukabaki kijani kama sombe.

Siku yenyewe: moshi wa michopo mpaka kwenye kaptula za kwaya,
munkoyo kwenye madumu ya njano,
Papa Noeli wa pamba akitoka jasho, ndevu zimeshuka kidevuni,
viatu vipya vinauma watoto, nao hawasemi.
Mpiga picha aliweka kiti mbele ya mistari myekundu,
foleni ikafika kwenye choo.
Mama mmoja akamvuta binti yake, Mujinga,
hadi kwenye mstari wa saba.
"Hapa hakuna watu," akasema, "simama vizuri."
Mtoto akasimama katikati ya majani, gauni lake jekundu,
akawa yeye ndiye ua.
Papa Kapambwe aliwashikia mwavuli.
Hakusema "Bado."

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Bustani nzima ikapiga kelele, "Oooh!"
Mtu mmoja tu alipiga makofi.
Nilikuwa karibu naye. Nilimsikia.

Januari wakaja kutoa balbu. Walisahau saba.
Mashina ya mstari wa saba niliambiwa niyatupe;
nikayapanda nyuma ya ghala, karibu na bomba,
nikaendelea na kazi nyingine.

Mwezi wa sita. Baridi, vumbi, midomo inapasuka.
Hakuna kwaya, hakuna komite, langoni amelala mbwa.
Asubuhi moja naburuta mpira wa maji nyuma ya ghala,
nakuta yamegeuka. Yote.
Bila ndoo, bila jiwe, hakuna aliyeyahesabia siku,
mekundu hata niliogopa kuyamwagia.

Nikamwita. Alikuja na koti lake la sufu,
akatazama, akatazama,
akavua kofia.
"Bonane," akaniambia.
"Bonane, Papa."
Kisha akauliza kama nimefagia kule langoni.