Deni la Upepo

Paa la ghorofa ya saba, Embakasi,
kamba kumi na mbili, vibanio vya mbao,
na mimi nagombana na upepo tangu alfajiri.

Ulinichukulia soksi ya mtoto wa Bi Kerubo,
foronya mbili, na shati la karani wa benki
lililookotwa mtaroni, tope kifuani.
Nililipa. Shilingi mia tano kutoka mfukoni mwangu
kwa wizi wa kitu kisicho na mfuko.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia
kwamba upepo nao siku hizi umeandikwa kazi,
nilicheka hadi povu likanirukia jichoni.

Nilimwita Syombua kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha.
Naye akaenda kuajiriwa na upepo.
Wengine hupanda Ngong kupunga hewa;
yeye hupanda na mkanda kiunoni, spana begani,
ngazi baada ya ngazi ndani ya bomba jeupe,
akaze nati, apake grisi, ategee gia sikio
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
Ukiona vyazunguka, mama, jua vimekazwa.

Siku ya anga safi nauona mlima kutoka hapa,
ng'ambo ya matangi ya maji na ndege zinazoshuka,
na juu yake vile vijiti vyeupe,
vidogo kama vibanio vyangu,
vimeibana anga isipeperuke.

"Hivyo ni vichache," anasema.
"Huko Marsabit upepo haulali,
unasukuma mawe, unamyumbisha ngamia.
Hatujachota hata kikombe."
Nikamuuliza: na watu wa huko, wana taa?
Akanyamaza. Akatazama viganja vyake.
Nyaya zinapita juu ya maboma, akasema,
si kila mahali zinashuka.
Nikajua hata upepo ukipata kazi
hujifunza tabia za ofisini.

Mimi sijui hesabu za megawati.
Najua tokeni: za shilingi mia, tarakimu ishirini,
na mita inayolia usiku kama kifaranga.
Haisemi umeme huu umetoka wapi,
kama ni mvuke wa bondeni, maji ya mto,
au pumzi ya mlima.
Na Syombua hanidanganyi: kuna siku mapangaboi husimama,
yakaning'inia kama mikono ya mtu
aliyesahau alichotaka kusema.

Lakini jana, saa moja usiku, nguo zimekauka,
nikachomeka pasi.
Taa yake nyekundu ikawaka.
Nikalowesha kidole, nikagusa: tss.
Mbele yangu shati la karani,
lile lile, ameniletea tena, hana kinyongo,
na nje madirisha yanatetemeka.
Nikawaza: huu uliolikausha mchana
huenda ndio unaolinyoosha sasa.
Umezunguka mlima, umepita kwenye waya,
umerudi kwa mlango wa nyuma
na kuinama juu ya meza yangu
ukiusukuma mkono wangu kwenye kola.

Sikusema nimeusamehe.
Foronya mbili bado. Soksi moja.
Ila nilifungua dirisha,
kidogo.