Fundo la Baba

Kila Desemba, jikoni kwetu Mérida,
meza iligeuka karakana:
Mama akitandaza unga wa mahindi
juu ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni,
dada Yoleida akimwaga nyama na zabibu,
mimi kitinda mimba nikikabidhiwa zeituni.
Tatu kila hayaka. Si nne.
Mama alihesabu kwa jicho la karani.

Kazi ya Baba ilikuwa kamba.
Alifunga kila hayaka
kama mzigo wa kupandishwa mlimani na nyumbu,
akakata ncha kwa meno,
akaiba zeituni, akaniangalia,
nami ndiye niliyekemewa.

Tulimzika Januari.
Kwenye friza ilibaki moja, ngumu kama tofali,
fundo limeegemea kushoto
kama alivyoegemea yeye katika picha zote.
Hakuna aliyeigusa.
Mama akichukua barafu aliiambia, "Samahani."

Machi umeme ukakatika siku nne.
Siku ya pili friza ikaanza kulia sakafuni.
Mama akawasha kuni uani,
akaitia sufuriani bila neno.
Ilipoiva, kisu alikikataa.
Alifungua fundo kwa kucha, polepole,
kamba ya moto akaizungusha kidoleni
pale ilipokaa pete.

Tukala watu watatu kwa mshumaa,
Krismasi ya Machi, mbu wakituimbia.
Katika kipande changu nikahesabu zeituni:
tano.

Nikanyamaza.
Mama naye alikuwa anahesabu.