Bahasha Tatu

Nilikuwa mweka hazina mwaka ule pia,
kwa hiyo naanza na kosa langu.
Tulifungua bahasha juu ya meza ya zahanati,
nikasoma namba tu, kama asomaye bei ya viazi,
nikapiga mstari mwekundu chini ya iliyo ndogo.
Tukapiga makofi. Tulikuwa tumeokoa
peso milioni mbili na ushei.

Hapa Chiloé mvua haibishi hodi.
Huja kwa mshazari kutoka baharini,
ikitafuta msumari uliopigwa kwa pupa;
ikiupata, huingia kama mwenye nyumba.

Baridi ya kwanza: ndoo moja.
Ya pili: ndoo nne, na sufuria ya Bi Eduvina Nahuelquín,
ile ya kupikia kome,
ikategwa kati ya mizani ya watoto na kabati la dawa.
Ya tatu, kadi za chanjo zililowa hadi majina yakatoka.
Simu ya mkandarasi iliita, ikaita,
mwisho ikapokewa na muuza matairi wa Osorno.

Na zile milioni mbili? Nimezikuta daftarini,
zimekatika vipande vipande:
turubai, gundi, turubai tena,
nauli ya fundi aliyekuja kutikisa kichwa.
Urahisi ule ulikuwa mkopo, na riba yake maji.

Leo ni bahasha tatu tena.
"Soma namba," anasema Osciel Barría.
Nasema, ngoja. Nani kati ya hawa alipanda juu?

Mmoja alipiga picha toka barabarani, injini ikinguruma.
Mmoja hakuja; makisio yake safi kama shati la harusi.
Ermelinda Huenchur, ghali kuliko wote,
alipanda na kamba kiunoni,
akachomeka kidole kwenye boriti, kikazama chote.
Akaandika kurasa saba: mbao gani, misumari gani,
nani atakuja akiitwa, na kwa miaka mingapi.
Ukurasa wa sita una doa la kuvu. Nimeunusa.

"Pesa hizo hatuna," anasema Osciel,
na ni kweli, sitaipaka kweli hiyo rangi.
Labda nusu ya paa mwaka huu. Labda tuuze jenereta.

Mikono minne huku, minne kule.
Kalamu nyekundu nimeiacha mfukoni.
Tone linajivuta darini, linajipima, linaanguka.

Bi Eduvina anaitazama sakafu, ananyanyua mkono:
"Mimi nataka sufuria yangu."