Pindo

Mimi ndiye niliyempima Kundaeli kaptura ya darasa la kwanza,
barazani kwa Mzee Kiwelu, nyuma ya soko la Mbuyuni.
Mama yake alisema, "Acha pindo, huyu anakua."
Nikaacha inchi tatu. Kaki mpya, harufu ya wanga.

Leo ananipima yeye.
Koti jeupe, mikono imempita vidole.
Ameshika rula mbili zilizounganishwa kama mkasi mvivu,
anaziegesha ubavuni mwa goti langu la kulia.
"Themanini na mbili, Mama Aikande. Kunja tena."

Nakunja.
Mle ndani kitu kinakwaruza
kama mashine iliyonyimwa mafuta.

Miaka thelathini na moja nimekanyaga cherehani:
sare za shule, majoho ya kwaya,
suruali za marehemu nilizopunguza
zikavaliwa na wadogo zao.
Sikuhesabu. Nani huhesabu kukanyaga?
Bandu bandu huisha gogo,
nami sikujua gogo ni mimi.

Nilianza na mafuta ya kuchua ya kijana wa stendi,
chupa ya kijani, moto wa pilipili, nafuu ya usiku mmoja.
Halafu vidonge, mpaka tumbo likagoma.
Shemeji akanong'ona kwamba nimekanyaga kitu cha watu.
Eksirei haikunong'ona: gegedu imesagika.
Nikauliza, haiwekwi kiraka?
Daktari akacheka.
Mimi sikuwa natania.

"Gegedu siwezi kuirudisha," anasema Kundaeli,
"ila nyama ya paja imelala. Tuiamshe, ikusaidie kubeba."
Taulo limeviringishwa chini ya goti.
Bonyeza. Shika. Hesabu mpaka kumi. Achia.
Nyoosha mguu, uinue kiganja kimoja juu ya kitanda,
usiutupe, ushushe kama unalaza mtoto.
Nilidhani tiba ni kitu unapewa.
Jasho linanitiririka kwa kuinua mguu wangu mwenyewe,
mimi niliyepanda na majora mawili ya kitenge begani
hadi Kiboriloni, mvua ikininyeshea.

Akaniambia ninunue uzito wa kufunga mguuni.
Kununua! Nikachukua vipande vya kaki,
nikashona mfuko, mshono mara mbili,
nikajaza kilo moja ya mchanga wa mto Rau.
Akaugeuza, akauvuta mshono, haukuachia.
Akaagiza sita kwa ajili ya wagonjwa wengine.
Nikamtajia bei. Akashtuka.
Nikapunguza kidogo.

Wiki ya tatu niliudhika nikabaki nyumbani.
Themanini na tano! Nyuzi tatu kwa jasho lote lile!
Akapiga simu.
"Mama, ile kaptura uliiachia inchi tatu.
Zilifunguliwa lini?"
Nikakumbuka: moja darasa la pili, moja la nne.
Ya mwisho haikufunguliwa,
kaptura ilitangulia kuchanika makalio.
Tukacheka hadi salio lake likaisha.
Alhamisi nikaenda.

Sasa ukutani, kando ya mashine,
chini ya vipimo vya wateja kwa chaki,
kifua, kiuno, urefu wa mkono,
nimeandika vya kwangu:
tisini. Tisini na sita. Tisini na nne, ile wiki ya baridi.
Mia na nne.

Kuchuchumaa bado.
Kanisani wenzangu wanapiga magoti mimi nimesimama,
naona visogo vyao na kola nilizozishona,
moja imekaa upande, na mwenyewe hajui.
Usiku wa masika goti hujua mvua kabla ya redio.

Lakini asubuhi hii Mlima umejivua wingu lote,
na ngazi za baraza la Mzee Kiwelu ni nne.
Kupanda, mguu mzima utangulie.
Kushuka, mbovu.
Nimeshika ukuta kwa kidole kimoja tu,
futi kamba shingoni,
nashuka.