Saa Moja Nyuma

Gari la Cirhuza linagonga ukuta, kimya.
Tunahesabu, mimi na yeye: moja, mbili,
ndipo kishindo kinafika,
kama mgeni aliyepotea njia za Kadutu
akaingia harusini sahani zikioshwa.

"Nsimire, njoo tena," ananiita,
mimi fundi wa redio za sokoni,
nisiyejua kitu kuhusu mbio zake za kwenye kioo.

Watazamaji kumi na mmoja.
Mmoja ameandika: unaongea ndani ya bidoni?
Mwingine: picha inaruka kama panzi.
Wa tatu haandiki kitu. Hutazama tu
mpaka mwisho, kila jioni.

Nilianza na mvumo, maana mvumo naujua,
ule wa chini, mzito, wa nyuki ndani ya debe.
Nikachomoa chaja: kimya.
Nikachomeka: nyuki wamerudi.
Kumbe si maikrofoni. Ni ukuta.
Chini yetu, mteremkoni, Balagizi alikuwa akichomelea mlango,
na nyumba sita tumening'inia kwenye waya mmoja
kama nguo mbichi.
Nikashuka ngazi za udongo, tisini na mbili,
kumwomba apumzike hadi saa tatu.
Akainua barakoa: "Huo mchezo unalipa?"
Nikasema bado.
Mashine yake ikanyamaza papo hapo,
nikadhani ni huruma.
Umeme ulikuwa umekatika, mji mzima.

Uliporudi, saa nne na robo usiku,
nikaifungua kompyuta tumbo.
Feni imevaa koti:
vumbi jekundu la kiangazi, nyuzi za blanketi,
unywele mmoja mrefu ambao si wangu
na Cirhuza hakutaka tuuzungumze.
Nikasugua kwa mswaki mkuukuu.
Kisha nikaanza kupunguza: vivuli, majani ya miti,
mng'ao wa lami.
"Usiondoe mvua," akaniomba,
"mvua ya mle ndani ndiyo nzuri."
Nikaiondoa. Ya bati lako inatosha.
Fremu zikapanda, ishirini, thelathini na tano, hamsini,
joto likashuka,
naye akanuna.

Lakini sauti bado ilichelewa.
Na ubaya wake ni huu: haikuchelewa tangu mwanzo.
Iliondoka sambamba na picha, bega kwa bega,
ikabaki nyuma kidogo, na kidogo tena,
hata nusu saa baadaye Cirhuza anashangilia
ushindi ambao wenzake walishausahau.

Saa saba ya usiku nikaona.
Maikrofoni ilihesabu elfu arobaini na nne na mia moja
katika kila sekunde,
mashine ikihesabu elfu arobaini na nane.
Kila moja mwaminifu kwa hesabu yake.
Nikamkumbuka baba, tangu aende Kinshasa,
anavyopiga simu kutulaumu tunalala mapema,
nasi tukimlaumu anapiga usiku:
nchi moja, saa mbili,
hakuna anayedanganya.

Nikabadilisha namba moja. Moja tu.
Gari likagonga ukuta, ukuta ukalia hapo hapo,
Cirhuza akaruka, akapiga kichwa kwenye boriti.

Jioni iliyofuata nikaleta ufundi.
Nikaweka kichujio, kikate kila kisicho neno:
jogoo wa jirani asiyejua saa,
pikipiki zikikoroma mlimani,
mama uani na sombe yake, tu, tu, tu.
Sauti ikawa safi
kama ya mtu asiyeishi popote.

Yule wa tatu, asiyeandika kitu,
akaandika:
Mchi umeenda wapi?

Tukatazamana.
Akaongeza: huku ni saa kumi na mbili tu.
Huko hamjala?

Nikaondoa kichujio.
Jogoo akarudi, pikipiki zikarudi,
mchi ukashuka ndani ya kinu.
Cirhuza akalalamika kwamba hasikii injini.
Nikamwambia anyamaze,
aendeshe polepole.